Nani Mwenye Neno la Mwisho

Ijumaa asubuhi mjini Detroit, katika miaka ya 1960, nyimbo zilipigiwa kura. Kampuni ya Motown, iliyoanzia katika nyumba ya kuishi kwenye barabara ya West Grand Boulevard, ilikuwa na kikao cha kila wiki cha kukagua ubora. Mwenyekiti alikuwa mwenye kampuni, Berry Gordy, aliyeianzisha mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa familia yake. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari cha Lincoln-Mercury, na hakuwahi kuficha kwamba utaratibu wa kiwanda ndio aliouhamishia kwenye muziki: wimbo unaingia mlango mmoja ukiwa mbichi, unatokea mlango wa pili ukiwa tayari kwa soko, na katikati yupo mkaguzi. Watu wa mauzo, watunzi na maprodyuza walisikiliza, wakabishana, wakapiga kura. Gordy alipenda kuwauliza swali moja: kama una njaa na mfukoni umebakiwa na dola moja tu, utanunua rekodi hii au mkate wa kutia tumboni?

Mwimbaji ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa ikipimwa hakuwa na kura kwa sababu tu sauti ni yake. Mwimbaji Smokey Robinson alikaa kwenye kikao kile, lakini alikaa kwa cheo chake cha makamu wa rais wa kampuni. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na wengi wa walioimba nyimbo ambazo dunia inazikumbuka hadi leo hawakuwepo.

Kikao kile kilikuwa na masikio makali, hilo nalikiri bila kinyongo. Kampuni ndogo haitoi nyimbo nyingi kiasi kile zinazoshika chati bila watu wanaojua kusikiliza. Ila kilikosea pia, na mara nyingine kilikosea vibaya. Mwaka 1967 Marvin Gaye alirekodi "I Heard It Through the Grapevine". Kikao kikaukataa. Wimbo huohuo ukatolewa kwa sauti ya Gladys Knight, na toleo la Gaye likawekwa kabatini hadi lilipopenyezwa kwenye albamu yake ya mwaka 1968. Watangazaji wa redio wakalibaini wenyewe, wakalipiga, wasikilizaji wakalidai, na kampuni ikalazimika kulitoa kama singo. Lilikaa nambari moja Marekani kwa wiki saba. Kama si wale watangazaji, Gaye asingekuwa na mahali pa kukata rufaa, maana mkataba wake haukumpa pa kukatia.

Hapo ndipo penye kiini cha sura hii. Msanii kijana anapowekewa mkataba mezani, jicho lake hukimbilia tarakimu: malipo ya awali ni kiasi gani, mrabaha ni asilimia ngapi, gari litakuwepo au halitakuwepo. Namwelewa kabisa, kwa sababu kodi ya nyumba hailipwi kwa heshima. Lakini katikati ya kurasa hizo kuna vifungu visivyo na tarakimu hata moja, na ndivyo vinavyoamua wimbo atakaouacha duniani utakuwaje. Nani anachagua nyimbo za kurekodi? Nani anachagua prodyuza? Nani anasema miksi imekamilika? Nani anapanga wimbo upi uanze na upi ufunge albamu, upi utangulie kama singo, picha gani iwe juu ya jalada, nani aongoze video? Je, kampuni inaweza kumpa mtu mwingine sauti yako atengeneze toleo jipya, au kuuweka wimbo wako kwenye tangazo la bia, bila kukuuliza?

Kwa kila swali kati ya hayo, mikataba hutoa jibu moja kati ya majibu matatu. La kwanza: kampuni ndiyo inayoamua, basi. La pili: kampuni itashauriana na msanii. La tatu: hakuna kitakachofanyika bila idhini ya msanii, au bila pande zote mbili kukubaliana. Wengi hulichukulia jibu la pili kuwa karibu sawa na la tatu, na huo ni mtego. Kushauriana maana yake ni kwamba utapigiwa simu, utatoa maoni yako, utashukuriwa, na kampuni itafanya ilichotaka kufanya tangu mwanzo bila kuvunja hata nukta ya mkataba. Hata idhini yenyewe hufuatiwa na maneno kwamba haitazuiliwa bila sababu ya msingi. Maneno hayo yakiwepo, hapana yako si hapana tena mpaka uwe tayari kuitetea mbele ya hakimu. Mwanasheria mzuri wa msanii huyakubali kwenye mambo madogo, kama ratiba ya studio, na huyakataa kwenye mambo ya jina, sura na sauti.

Motown ilikuwa na jambo jingine ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atalitambua mara moja. Kampuni iliyomrekodi msanii ndiyo hiyohiyo iliyomsimamia kama meneja kupitia tawi lake, na ndiyo iliyomiliki nyimbo zilizotungwa kupitia kampuni yake ya uchapishaji wa muziki, Jobete. Msanii akigombana na kampuni ya rekodi, kawaida humtuma meneja wake akamsemee. Pale, meneja na kampuni walikuwa mtu mmoja. Lebo nyingi za Afrika Mashariki leo zimejengwa hivyohivyo: zinarekodi, zinasimamia, zinapanga maonyesho, na baadhi zina hata redio na televisheni zao. Sisemi kwamba mpangilio huo ni uovu. Nasema kwamba ndani yake kifungu cha idhini kina uzito mara mbili, kwa sababu hakuna mtu wa tatu chumbani.

Wasanii wawili wa Motown waliuvunja ukuta huo ndani ya mwaka mmoja, 1971, kwa njia mbili tofauti kabisa, na tofauti yao inafundisha mengi.

Wa kwanza ni Marvin Gaye mwenyewe. Machi 1970 alifariki Tammi Terrell, mwenzake aliyeimba naye nyimbo za mapenzi zilizopendwa mno, akiwa na miaka 24. Mdogo wake Gaye, Frankie, alikuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam na masimulizi ya kutisha. Wakati huohuo Renaldo Benson wa kundi la Four Tops alikuwa ameshuhudia polisi wakiwapiga vijana kule Berkeley, California, mwaka 1969, na kutokana na alichokiona akaanza kutunga wimbo pamoja na Al Cleveland. Kundi lake halikuutaka wimbo wa kulalamika. Gaye aliuchukua, akaukamilisha, na Juni 1970 akaurekodi kwa namna yake: sauti zake mbili zikipishana, gumzo la marafiki kwa nyuma, saksafoni ikielea juu. Ukaitwa "What's Going On".

Gordy hakuupenda. Aliona ni wimbo wa siasa utakaoharibu sura ya mwimbaji wa mapenzi aliyejengwa kwa miaka kumi. Kimkataba alikuwa na haki kamili ya kuukataa. Gaye alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake Anna, na hata undugu haukumsaidia. Basi akatumia silaha pekee aliyobaki nayo: akagoma. Akasema hatarekodi kitu kingine chochote mpaka wimbo ule utoke. Miezi ikapita. Mwishowe watu wa ndani ya kampuni, akiwemo mkuu wa mauzo Barney Ales, wakautoa Januari 1971 bila Gordy kujua. Ukapaa hadi nambari mbili kwenye chati kuu ya Marekani na nambari moja kwenye chati ya muziki wa watu weusi. Gordy, ambaye alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mtu mwingine yeyote, akageuka na kutaka albamu nzima, na haraka. Gaye aliirekodi ndani ya siku chache za Machi, na ilipotoka Mei 21, 1971, jalada lake lilitaja majina ya wapigaji wa Motown, watu waliokuwa wamepiga ala kwenye mamia ya nyimbo bila kutajwa.

Ni hadithi tamu, na husimuliwa kila mara kama ushindi wa msanii dhidi ya tajiri. Mimi naisoma kwa wasiwasi. Gaye alishinda kwa sababu alikuwa tayari ni nyota, kwa sababu aliweza kustahimili miezi bila kufanya kazi, na kwa sababu kulikuwa na watu ofisini waliothubutu kumzunguka bosi wao. Ondoa kimojawapo kati ya hivyo vitatu na wimbo ule ungeoza kabatini kama ulivyokaribia kuoza ule wa 1967. Msanii anayeanza hana hata kimoja. Akigoma, anasahaulika.

Wa pili ni Stevie Wonder, naye hakugoma hata siku moja. Alisubiri.

Wonder alisainishwa na Motown mwaka 1961 akiwa na miaka 11. Akiwa na miaka 13 alikuwa na wimbo nambari moja. Fedha zake zilitunzwa kwenye mfuko hadi atakapofikisha utu uzima, na yeye akapewa posho ndogo ya wiki. Wakati wote huo kampuni ndiyo iliyoamua aimbe nini na nani amwongoze studio. Lakini mkataba wa mtoto una udhaifu mmoja mkubwa kwa aliyeuandika: mtoto huyo anapokuwa mtu mzima, anaweza kuukana. Mei 13, 1971 Wonder alitimiza miaka 21. Mara baada ya sherehe za siku hiyo, Gordy alipokea barua ya wakili: mikataba yote imekwisha.

Kilichofuata ndicho ninachowaomba wasanii wakisome mara mbili. Wonder hakukimbilia kampuni nyingine. Alihamia New York na kuanza kurekodi kwa fedha zake mwenyewe, pamoja na mafundi wawili, Malcolm Cecil na Robert Margouleff, waliokuwa wameunda mtambo mkubwa wa vinanda vya elektroniki ulioitwa TONTO. Hakuna aliyempangia saa wala aliyemsikiliza kwa kura. Kwa miezi kadhaa alilundika nyimbo ambazo hazikuwa mali ya lebo yoyote. Aliporudi mezani, hakurudi na ahadi. Alirudi na kazi iliyokamilika na wakili aliyeitwa Johanan Vigoda. Mkataba mpya na Motown ulikuwa na kurasa 120. Ndani yake Wonder alipata mrabaha mkubwa zaidi, sehemu ya haki za uchapishaji kupitia kampuni yake mwenyewe ya Black Bull, na juu ya yote, mamlaka ya kuamua mwenyewe muziki wake uweje. Angejitayarishia albamu zake, angeziwasilisha, na Motown ingezitoa.

Halafu zikaja: "Music of My Mind" na "Talking Book" mwaka 1972, "Innervisions" mwaka 1973, na nyingine baada yake. Mwaka 1974, 1975 na 1977 alitwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Alipokuwa akitayarisha "Songs in the Key of Life", Motown ilisubiri zaidi ya mwaka mzima, tarehe zikasogezwa na kusogezwa tena, hadi zikachapishwa fulana za kuwatuliza watu kwamba kazi inakaribia kwisha. Kampuni iliyokuwa ikihukumu nyimbo kila Ijumaa ilikaa ikimngoja mtu mmoja. Albamu ilipotoka Septemba 28, 1976 ilikuwa na sahani mbili kubwa na moja ndogo ya nyongeza, nyimbo 21 kwa jumla, mzigo ambao hakuna afisa mauzo angeuidhinisha. Iliingia kwenye chati ya Marekani moja kwa moja nambari moja.

Hata hivyo mamlaka yale hayakuwa ya kila kitu. Wonder alikuwa amekusudia wimbo "Superstition" uwe wa mpiga gitaa Mwingereza Jeff Beck. Motown iliposikia rekodi ya Wonder ilitambua dhahabu, ikautoa kama singo yake kabla Beck hajapata nafasi, na Januari 1973 ukawa nambari moja. Kuamua muziki uweje ni jambo moja. Kuamua wimbo upi utoke lini ni jambo jingine, na mkataba unaotaja la kwanza bila la pili umeacha dirisha wazi.

Kuna dirisha jingine, dogo zaidi kwa macho. Mikataba ya kurekodi husema msanii atawasilisha albamu inayoridhisha. Inamridhisha nani, na kwa kipimo gani? Ikiwa neno ni kuridhisha kiufundi, kampuni inaweza kukataa rekodi yenye mikwaruzo au sauti iliyopasuka, basi. Ikiwa neno ni kuridhisha kibiashara, kampuni inaweza kukataa chochote, kwa sababu hakuna anayejua kitakachouzwa mpaka kiuzwe. Vifungu vyote vya idhini vilivyotangulia vinaweza kufutwa na neno hilo moja. Albamu iliyokataliwa haihesabiwi kuwa imewasilishwa, malipo ya awali yanayofuata hayatoki, na muda wa mkataba unaendelea kunyooshwa huku msanii akidaiwa kazi.

Mwimbaji Neil Young aliyaonja haya hata akiwa na uhuru mkubwa. Alipohamia kampuni ya Geffen mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliwapa albamu iliyojaa sauti zilizopitishwa kwenye mashine, "Trans". Kisha akaja na muziki wa kandri, wakaukataa, wakamwambia wanataka roki. Akawapa roki: ya miaka ya 1950, albamu fupi isiyofika nusu saa, "Everybody's Rockin'". Mwaka 1983 kampuni ikamshtaki ikidai dola milioni 3.3, kwa hoja kwamba albamu hizo si za kibiashara na hazifanani na kazi zake za nyuma. Msanii alishtakiwa kwa kutofanana na yeye mwenyewe. Shauri liliisha kwa maelewano na mwenye kampuni, David Geffen, akaomba radhi, lakini habari zilikuwa zimeshasambaa. Kundi la R.E.M. lilipokuwa likitafuta kampuni kubwa miaka michache baadaye, lilichagua Warner, na shauri lile lilikuwa miongoni mwa sababu za kutokwenda Geffen.

Sasa niseme jambo ambalo mashabiki wa uhuru wa msanii hawapendi kulisikia. Idhini ni haki ya kukataa tu. Haimlazimishi mtu yeyote kukufanyia kazi. Mwimbaji Mwingereza George Michael aliligundua hilo kwa gharama kubwa sana. Mwaka 1990, akiwa amechoka kuuzwa kwa sura yake, alitoa "Listen Without Prejudice Vol. 1" bila picha yake mbele ya jalada, badala yake iliwekwa picha ya zamani ya umati wa watu ufukweni Coney Island. Video ya "Freedom! '90" iliongozwa na David Fincher, na waliofungua midomo kuimba walikuwa wanamitindo, yeye hayumo. Alikataa na kukataa kwake kuliheshimiwa. Lakini hakukuwa na mstari wowote uliomwezesha kuishurutisha kampuni yake ya rekodi, Sony, iitangaze albamu ile kwa nguvu aliyoitaka, na yeye aliamini haikufanya hivyo. Akaenda Mahakama Kuu ya London kudai mkataba uvunjwe kwa kuwa unamzuia kufanya kazi yake isivyo halali. Juni 21, 1994 Jaji Jonathan Parker akamkatalia. Mkataba, alisema, ulikuwa umejadiliwa upya kwa ushauri wa kisheria na kwa masharti mazuri ya fedha. Akaondoka Sony mwaka uliofuata baada ya kampuni nyingine kumnunua.

Ndiyo maana anayejua kujadili mkataba huweka pembeni ya kila idhini wajibu wa upande wa pili: kampuni itatoa albamu ndani ya miezi kadhaa baada ya kukabidhiwa, itatengeneza idadi fulani ya video, na isipofanya hivyo, rekodi zinarudi kwa msanii. Bila hayo unaweza kuwa na wimbo uliokamilika jinsi ulivyoutaka wewe, ukiwa umefungiwa kwenye diski ambayo huna haki ya kuifungua.

Na anayedhani haya ni matatizo ya wasiojulikana, aitazame The Beatles. Mapema mwaka 1970 kanda za nyimbo zilizokuwa zimeachwa bila kumaliziwa zilikabidhiwa kwa prodyuza Phil Spector. Aprili 1 aliingiza okestra na kwaya juu ya "The Long and Winding Road", wimbo wa Paul McCartney uliokuwa na piano na bendi tu. Tarehe 14 McCartney akaandika barua. Alitaka ala zile zipunguzwe sauti, kinubi cha mwishoni kiondolewe kabisa, na kwamba kuanzia sasa asiruhusiwe mtu kuongeza wala kupunguza chochote kwenye rekodi ya wimbo wake bila ruhusa yake. Kwa maneno mengine, aliandika kifungu cha idhini, cha kisheria kabisa, kwa kuchelewa. Albamu ilitoka Mei vilevile. Alipokwenda mahakamani kutaka ushirika wa kundi uvunjwe, jambo hilo lilikuwa mojawapo ya malalamiko yake, na toleo lisilo na okestra halikutoka rasmi hadi mwaka 1996. Yule alikuwa mtunzi tajiri kuliko karibu wote duniani, na kampuni iliyohusika, Apple, ilikuwa ya kwao wenyewe.

Mtu atauliza: sheria je? Si inamlinda mtunzi hata mkataba ukinyamaza? Inategemea umesimama wapi. Mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa Berne, tangu marekebisho ya Roma ya mwaka 1928, unampa mtunzi haki za kimaadili: kutajwa jina, na kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazo, na ya Kenya ya mwaka 2001 inazo. Ufaransa inazishikilia kiasi kwamba mtunzi hawezi kuziuza hata akitaka. Uingereza inazitambua, ila kwa sheria yake ya mwaka 1988 mtunzi anaweza kuziachilia kwa maandishi, na kampuni huhakikisha maandishi hayo yamo. Marekani ilijiunga na Berne mwaka 1989, na mwaka uliofuata ikatunga sheria ya haki hizo kwa wachoraji na wachongaji, wanamuziki hawakuingizwa.

Tofauti hiyo iliwahi kuonekana waziwazi kupitia filamu moja. Mwaka 1948 kampuni ya Twentieth Century-Fox ilitumia muziki wa Shostakovich, Prokofiev na watunzi wenzao wa Kisovieti katika "The Iron Curtain", filamu iliyoupinga utawala wa nchi yao. Mahakama ya New York ilisema watunzi hawana la kudai, kwa kuwa muziki ule haukuwa na ulinzi wa hakimiliki Marekani. Mahakama ya rufaa ya Paris ikasema, mwaka 1953, kwamba wanalo. Muziki uleule, filamu ileile. Kwa hiyo msanii wa Mwanza au Mombasa anayesaini na kampuni ya kimataifa atazame pia mstari ule wa mwisho usiosomwa na mtu, unaosema mkataba huu utatawaliwa na sheria ya New York. Mstari huo unaweza kumvua haki ambazo Bunge la nchi yake lilimpa.

Historia yetu wenyewe haikutuzoesha kuuliza maswali haya. Kwa miaka mingi bendi za Dar es Salaam zilirekodi Radio Tanzania, ambako mashairi yalipitiwa kwanza na kamati, na kanda zilibaki kwenye maktaba ya redio. Idhini ilikuwepo, tena kali, lakini ilikuwa ya taasisi juu ya msanii. Nyimbo bora za taifa hili zilirekodiwa pale na ninazipenda kwa moyo wote. Ila kizazi kizima kilijifunza kwamba ukishatoka studio, wimbo si wako tena. Wazo hilo bado linaishi, na kampuni binafsi zimelirithi bila kulilipia.

Matangazo ya biashara ndiyo yanayouma zaidi, kwa sababu huko wimbo hubadilishwa maana bila kuguswa hata noti moja. Mwaka 1987 Nike ilitumia "Revolution" ya The Beatles kuuza viatu. Ililipa kampuni ya rekodi na ililipa wenye haki za uchapishaji, ambazo wakati huo zilikuwa chini ya Michael Jackson. The Beatles wenyewe walipinga na kampuni yao ikafungua kesi, lakini sahihi iliyohitajika haikuwa yao. Dai basi, kabla ya kusaini, orodha ya vitu ambavyo sauti yako haitauza kamwe bila maandishi yako: pombe, kamari, wagombea wa siasa, na chochote ambacho mama yako angeshtuka kukisikia kikitajwa pamoja nawe. Siku hizi orodha hiyo iongezwe mfano wa sauti yako unaotengenezwa na kompyuta. Jimbo la Tennessee, nyumbani kwa Nashville, lilitunga sheria ya kulinda sauti ya mtu dhidi ya uigaji wa aina hiyo, iliyoanza kutumika Julai 1, 2024. Wewe huishi Tennessee. Kwako ulinzi ni mstari unaosema rekodi zako hazitatumika kufundishia programu ya kuiga sauti, na hakuna sauti ya kuigwa itakayotoka kwa jina lako, bila idhini uliyoitia sahihi kwa kila wimbo.

Ukishavipata vifungu vyote hivi, soma sentensi inayovifuata, maana mara nyingi ndipo vinaponyang'anywa. Husema kwamba msanii asipojibu ndani ya siku tano za kazi, idhini itahesabiwa imetolewa. Kampuni hutuma jalada Alhamisi jioni wakati uko ziarani Goma au Muscat, simu haina bando, na Ijumaa ya wiki inayofuata umeshakubali. Dai sentensi hiyo ifutwe na iandikwe kinyume chake: kimya ni kukataa. Taja barua pepe ya wakili wako pamoja na yako, na uongeze kwamba meneja hana mamlaka ya kukubali kwa niaba yako jalada, tangazo, wala kipande chochote cha sauti kitakachochukuliwa kwenda wimbo mwingine. Kama yeye ndiye pia mwenye lebo, usisaini mkataba bila kuuona mstari huo umechapwa.